Miaka tisa kwenye pikipiki: kozi ipi ya usalama inanifaa?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni afisa mifugo, kituo changu kiko wilaya ya Kongwa. Huu ni mwaka wa tisa naendesha pikipiki, leseni ninayo, na sijawahi kuanguka vibaya. Natumia Yamaha AG100 ya ofisi. Tumepata fungu la mafunzo ya usalama kwa waendeshaji wazoefu, na nimeletewa kozi mbili, zote za Dodoma mjini. Ya kwanza ni siku tano, karibu zote darasani, uwanjani ni mchana mmoja kwa pikipiki zao, na mwisho unapewa cheti. Ya pili ni siku mbili uwanjani kwa pikipiki yako mwenyewe, ila karatasi yao haina uzito kwenye faili. Bosi anataka ya cheti. Nichague ipi?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Chagua ya pili, lakini usilipe kabla hujawapigia simu. Atakayepokea muulize: "Breki ya mbele mnaifundishaje?" Akikuambia ya mbele ni hatari, itakupindua, tumia ya mguu tu, mshukuru na ukate. Huyo hana cha kumfundisha mtu wa miaka tisa.

Nimeng'ang'ania hapo kwa sababu mwendeshaji mzoefu haji uwanjani mtupu. Anakuja na mkono uliokwishazoea, na mkono ndio unaoamua wakati kichwa bado kinashangaa. Mwaka jana nilikuwa na kijana wa bodaboda, mkongwe wa kijiwe. Nilichora mstari wa chokaa kwenye udongo mgumu, nikamwambia aje na spidi 40, akifika mstarini asimame haraka awezavyo. Alikuja, akakanyaga. Tairi la nyuma likakaza, mkia ukakimbilia kushoto, vumbi likammeza. Tulipima kwa futi kamba: mita 21. Vidole vyote vinne vya mkono wa kulia vilikuwa bado vimekumbatia eksileta. Alishikilia kabisa kwamba alibana breki ya mbele, ile ya mkono, mpaka mwenzake akamwonyesha video kwenye simu. Hadi jioni, pikipiki ileile, udongo uleule, alikuwa anasimama kwenye mita 12.

Hakuna uchawi hapo. Ukifunga breki, uzito wa pikipiki na wako unahamia mbele. Tairi la mbele linakandamizwa barabarani, la nyuma linabaki jepesi, kwa hiyo ukilikaba linaburuzika tu. Kinachopindua watu ni kuinyakua breki ya mbele ghafla, au kuibana ukiwa umelala kwenye kona. Wewe ni mtu wa mifugo, utanielewa: ng'ombe mgeni humkamui kwa kumvuta. Unagusa kwanza, shokapu za mbele zinashuka, ndipo unaongeza nguvu. Somo hili halimezwi kwa kusikiliza. Linataka kurudiwa mara thelathini, arobaini, mwalimu akiwa amesimama pembeni anakuangalia vidole.

Wala usidhani ni ugonjwa wa bodaboda wetu. Marekani, Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California na wenzake walichunguza ajali 900 za pikipiki za eneo la Los Angeles, ripoti ikatoka mwaka 1981. Walikuta wengi walikanyaga ya nyuma kupita kiasi na ya mbele wakaitumia kidogo mno. Muda wa kujiokoa, tangu hatari ionekane, kwa kawaida haukufika sekunde 2. Ukiwa spidi 60, sekunde moja ni mita 17 hivi, na hapo hujagusa breki.

Swali la pili kwenye simu: mnafundishia juu ya nini? Uwanja wa lami peke yake haukutoshi wewe. Kongwa unavuka makorongo ya mchanga, unapita changarawe, na masika njia inageuka sabuni. Waulize kama wanafika kwenye vumbi. Mwalimu anayejua mchanga atakusimamisha kwenye vikanyagio, uzito urudi nyuma kidogo, macho mbali, mafuta kidogo lakini yasikatike. Atakuonyesha pia namna ya kukwepa kitu ghafla: ukitaka kwenda kushoto, unasukuma mkono wa kushoto wa usukani mbele, pikipiki inalala yenyewe kushoto. Wengi mnafanya hivyo kila siku bila kujijua, halafu mbuzi akikatiza mnaganda, mnamkodolea macho, mnamfuata hukohuko alipo.

Nenda na pikipiki yako, na nenda na mzigo. Boksi la chanjo likiwa nyuma, mbele panakuwa pepesi na usukani unabadilika tabia. Mafunzo ya pikipiki tupu ni ya mtu mwingine. Halafu hiyo AG100 ni injini ya mipigo miwili. Ukiachia mafuta haikushikilii sana kama Boxer au TVS za mipigo minne. Kwenye miteremko ya kuelekea Mpwapwa, kazi hiyo yote inabaki kwa breki, na za AG ni za ngoma mbele na nyuma, zikipata moto zinalegea. Kwa hiyo kujifunzia pikipiki za chuo, pengine za mipigo minne zenye breki ya diski mbele, ni nusu ya kazi.

Idadi: wanafunzi sita kwa mwalimu mmoja ndio mwisho wangu. Zaidi ya hapo mtapiga foleni juani.

Kuhusu bosi, usigombane naye. Cheti cha udereva ulishakitoa wakati wa leseni, na alama za barabarani hazijabadilika kiasi cha kukaa darasani siku nne. Waombe waendesha kozi ya pili barua yenye ratiba, saa za uwanjani na jina la mwalimu, uambatanishe kwenye dokezo. Bosi akikataa kabisa, nenda ya cheti, lakini mchana ule mmoja usikubali utumike kupiga picha za kikundi.

Kabla hujaja mjini, kaguza waya wa breki ya mbele. Pikipiki nyingi za ofisi zinazoletwa kwangu, breki hiyo imelegea mpaka mkono unagusa usukani, maana hakuna anayeitumia. Fundi aikaze, aangalie na viatu vya breki kama bado vina nyama, abakize uchezaji mdogo tu wa mkono. Na beba waya wa akiba. Kwa mara arobaini nilizokutajia, waya wa zamani huwa unakatika siku ya kwanza kabla ya chai.