Sura inafika mtaani kabla ya hela

Vijana wa Moshi na Arusha wameanza kupata nafasi kwenye tamthilia zinazoshutiwa Dar, na wakinipata huniuliza niliwezaje ule mwaka wa kwanza wa kujulikana ghafla. Wengi wanatarajia nizungumzie kuigiza. Mimi huanza na pesa.

Unalipwa kwa siku au kwa episodi. Mnashuti wiki chache, halafu kituo kinarusha kwa miezi. Jirani anapokuona kila jioni na kuanza kukuita bosi, ile hela ilishaishia kwenye kodi ya nyumba. Na kama ulisaini kuuza haki zote kwa malipo ya mara moja, marudio yakirushwa hupati hata mia.

Kwa hiyo soma mkataba, na usiusomee seti. Prodyuza mmoja aliniletea karatasi nikiwa nimeshapakwa poda, jenereta linaunguruma, kila mtu ananisubiri mimi. Nikasema nitairudisha kesho. Akanuna, lakini kesho yake tukakaa, kikaongezwa kipengele cha msimu wa pili. Angalia marudio, kurushwa mtandaoni, picha yako kutumika kwenye matangazo, na tarehe ya kulipwa. "Baada ya kazi" si tarehe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua hata mwigizaji, ila usitegemee ikuokoe na kitu ulichosaini mwenyewe. TIN, namba ya mlipakodi ya TRA, chukua mapema, usingoje mhasibu akuzungushe.

Halafu inakuja Desemba. Kwetu Uchagani kila mtu anapanda nyumbani, na ukionekana kwenye tivii kadi za michango zinakuja kama umepata uwaziri. Dawa yangu ni kutangaza kiwango mapema: "Mama mkubwa, harusi yoyote natoa elfu hamsini, awe mtoto wa baba mdogo au wa jirani." Alininunia hadi Pasaka. Sasa ndiye anayewaambia wengine wasinisumbue.

Mtaani usijifiche. Nilicheza mkamwana anayemfukuza mama mkwe usiku wa mvua, na sokoni Kiboriloni mama mmoja wa ndizi akaushika mkungu wa mshare, akakataa kuniuzia.

"Kamwombe kwanza yule mama msamaha."

"Shikamoo mama. Yule ni wa kwenye tivii, mimi nataka kupika mtori."

"Marahaba. Na roho yako ile!"

Akaniuzia, kwa bei ya staa. Nililipa nikicheka, na mpaka leo ndiye ninayenunua kwake. Wanaotukana mtandaoni ni jambo jingine. Hao siwajibu, na simu usiku nazima. (Wanaokusifu kila saa nao uwapunguze, wanachosha vilevile.)

Kazi uliyokuwa nayo usiiache. Cherehani yangu ipo Majengo, na miezi ambayo hakuna kushuti sare za shule ndizo zinanilisha. Wapo wasanii wenzangu wanaoona aibu kwa hilo. Mimi aibu yangu ni kukopa.

Kuhamia Dar nako, subiri angalau mkataba wa pili. Basi la Moshi lipo kila siku, na kulala kwa binamu Kimara siku za kushuti ni nafuu kuliko kulipia chumba Sinza miezi sita kwa mkupuo, huku prodyuza hapigi simu.