Uvimbe wa tundu la jicho usiojulikana chanzo: daktari anafikaje hapo?

Ndugu, umeuliza kama daktari aliyemwambia dada yako ana uvimbe wa tundu la jicho usiojulikana chanzo, yaani nyama zilizo ndani ya tundu la mfupa linaloshika jicho zimevimba bila sababu kuonekana, anabahatisha. Habahatishi, ili mradi ameshayaondoa magonjwa mengine. Nimeugua hali hiyohiyo, nakueleza nilivyoielewa.

Kwangu kope lilivimba ghafla, jicho likatokeza, na kila nikitazama pembeni maumivu yalichoma hadi nyuma ya jicho. Baadaye nikaona vitu viwiliviwili. Shida ni kwamba dalili hizo ni za magonjwa mengi. Bakteria kutoka kwenye sainasi (matundu ya hewa kando ya pua) wanaweza kupenya hadi nyuma ya jicho, na hiyo ni dharura, hasa kukiwa na homa. Kuna ugonjwa wa tezi ya thairoidi iliyo shingoni, limfoma (saratani ya seli za kinga), sarkoidosisi, hata ugonjwa wa IgG4; haya mawili ya mwisho ni magonjwa ambayo kinga ya mwili huvimbisha viungo. Ndiyo maana nilitolewa damu ya vipimo vingi.

Lakini kilichonifumbua macho ni picha ya MRI, inayopigwa kwa sumaku kuonyesha ndani ya mwili. Daktari alinionyesha msuli mmoja ulionenepa wote, pamoja na kano inayoushikiza kwenye jicho. Ugonjwa wa thairoidi kwa kawaida hunenepesha msuli katikati na kuiacha kano kama ilivyo. Alama hiyo peke yake haitoshi, ila ilimsaidia sana kuamua.

Nilipoanza prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, maumivu yalipungua upesi mno. Hapa naomba unisikilize vizuri: nafuu ya haraka si uthibitisho. Limfoma nayo husinyaa kwa steroidi, na kinyama (kipande kidogo cha uvimbe) kikikatwa kupimwa baada ya hapo kinaweza kisionyeshe kitu. Kwa hiyo kama uvimbe wa dada yako uko kwenye tezi ya machozi, ambako kukata kinyama ni rahisi, muulizeni daktari kuhusu kipimo hicho kabla ya dawa. Uvimbe ukiwa kwenye msuli, au ndani kabisa karibu na mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, madaktari wengi hutanguliza dawa kwa kuwa kukata huko ni hatari. Dozi hushushwa polepole, asiache ghafla. Uvimbe ukirudi au ukigoma kupungua, uchunguzi uanze upya, na kinyama kikatwe kama kinafikika.

Kwa sasa afumbe jicho moja, atazame kitu chekundu, kisha abadilishe. Wekundu ukififia kwa jicho linaloumwa, au uoni ukipungua, huenda mshipa wa fahamu unabanwa. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.