Macho makavu kwa wanaolala na CPAP: tafuta kwanza upepo unapita wapi

Mkuu, umeuliza kwa nini unaamka macho yakiwa makavu, mekundu na yanakwaruza tangu uanze kulala na barakoa ya CPAP (mashine inayosukuma hewa ili pumzi isikatike usingizini) inayofunika pua na mdomo, na kwa nini matone uliyopewa yanakupa nafuu ya muda mfupi tu. Nitajibu kwa urefu, kwa sababu tatizo hili linawafanya watu waiweke mashine uvunguni, na kurudi kulala huku pumzi inakatika ni hatari zaidi ya macho makavu.

Matone hurudisha maji kwenye jicho, lakini hayazuii upepo. Kama upepo unapiga jicho usiku kucha, chupa ya matone haitashinda. Kwa hiyo kabla hujanunua kitu kingine, jua upepo unakufikia kwa njia ipi.

Njia ya kwanza, na ndiyo ya wengi, ni uvujaji kwenye mwamba wa pua. Jipime hivi: lala kwa mkao unaolalia kweli, washa mashine, kisha subiri ifike kwenye presha yako ya usiku. Usipime ikiwa bado kwenye ile presha ndogo ya kuanzia, maana hapo karibu kila barakoa inaonekana nzima. Lowesha mgongo wa kidole kwa maji, ukipitishe polepole chini ya kila jicho na kando ya pua. Panapovuja utasikia baridi papo hapo. Halafu legeza taya, geuka ubavu, upime tena. Usingizi ukikolea misuli ya uso inalegea, na barakoa iliyokuwa imetulia ukiwa macho inaweza kuhama.

Usitegemee namba ya uvujaji kwenye kioo cha mashine peke yake. Mashine za ResMed, kwa mfano, huhesabu kuwa uvujaji uko sawa ukiwa chini ya lita 24 kwa dakika. Kiwango hicho kinahusu tiba ya pumzi, si macho. Uvujaji mdogo sana, ukielekea moja kwa moja kwenye kona ya jicho, unatosha kulikausha huku mashine ikikuonyesha alama ya kijani.

Ukishapaona panapovuja, mkono utataka kukaza mikanda. Usikimbilie huko. Ule mto wa silikoni unaogusa uso una utando mwembamba ambao hujazwa na upepo wa mashine yenyewe ndipo uzibe. Ukikaza sana unaubana utando, unapata mikunjo, na upepo unatoka kwenye mikunjo hiyo. Fanya hivi: legeza mikanda yote, washa mashine, vuta barakoa mbele kama sentimita moja ili mto ujae upepo, kisha iache irudi taratibu usoni. Kaza mikanda ya juu kidogo kidogo, kulia na kushoto kwa kiasi kilekile, hadi ile baridi chini ya macho iishe. Mikanda ya chini iwe ya mwisho, na ikaze kiasi cha kushika tu. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mikanda ya chini kuwa imebana kuliko ya juu: barakoa inainama, ukingo wa juu unanyanyuka, na upepo wote unakwenda machoni.

Ikiwa hata hivyo bado inavuja, shaka saizi. Ukingo wa juu ukikaribia pembe za ndani za macho, mto huo ni mkubwa kwako. Ukubwa wa barakoa hauendi na ukubwa wa mwili. Mtu mnene anaweza kuhitaji saizi ndogo. Pia angalia umri wa mto. Mafuta ya ngozi hulegeza silikoni, ndiyo maana inapaswa kuoshwa kila siku kwa sabuni laini na maji ya vuguvugu, na uso uoshwe kabla ya kulala. Ukiona barakoa inavuja zaidi kadiri usiku unavyosogea, au mto umekuwa laini na unateleza kuliko ulivyokuwa mpya, badilisha mto kabla hujabadilisha kitu kingine.

Kwa mtu ambaye mwamba wake wa pua ni mwembamba, umepinda au uko bapa sana, mimi sipendekezi kupigana na barakoa ya aina hiyo miezi na miezi. Kuna zinazokaa chini ya pua huku zikifunika mdomo, na kuna zile ndogo zinazoingia kwenye matundu ya pua tu. Zote hizo haziugusi mwamba wa pua kabisa, na kwa tatizo la macho hakuna badiliko lenye nguvu kuliko hilo. Mwenye kupumua kwa mdomo achague ile ya kwanza.

Njia ya pili watu huisahau: vitundu vya kutolea pumzi. Kila barakoa ya CPAP inavyo, na lazima vitoe upepo. Lakini ukilala ubavu, upepo huo unaweza kugonga mto wa kulalia, shuka au mkono wako ukarudi machoni. Hapo barakoa haina kosa. Sogeza shuka, shusha mto wa kulalia kidogo, au pitisha bomba juu ya kichwa ili lisiivute barakoa unapogeuka. Feni inayokuelekea usoni nayo igeuze.

Njia ya tatu inawashangaza wengi. Jicho limeunganishwa na pua kwa mfereji wa machozi, na kwa baadhi ya watu presha iliyomo puani husukuma hewa kupanda mfereji huo. Dalili zake ni mapovu madogo kwenye pembe ya ndani ya jicho, mlio wa kuzomea, au kuhisi upepo jichoni ingawa kidole chenye maji hakioni uvujaji wowote. Bonyeza taratibu pembe hiyo kwa ncha ya kidole huku mashine inafanya kazi. Upepo ukikoma, umepata jibu. Waliowahi kufanyiwa upasuaji wa kufungua mfereji wa machozi wako katika nafasi kubwa zaidi ya kupata hali hii. Kubadili barakoa moja ya puani kwa nyingine hakutasaidia, maana presha ndani ya pua ni ileile. Mweleze daktari wa macho. Anaweza kufikiria kuweka kizibo kidogo kwenye kitundu cha machozi. Na anayesimamia tiba yako ya usingizi aangalie kama presha ya juu inaweza kupunguzwa. Usiipunguze mwenyewe kwa ajili ya macho.

Kisha kuna kope zenyewe. Wapo wanaolala macho hayajafumba vizuri bila kujua; mwombe mtu wa nyumbani akutazame ukiwa umelala. Na kuna hali ya kope za juu kulegea hadi zikivutwa kidogo zinapinduka, hali inayoonekana sana kwa wenye tatizo la pumzi kukatika usingizini. Jicho la upande unaolalia ndilo huumia zaidi. Hapo kubadili ubavu na kulikinga jicho usiku kunasaidia, ila daktari azione kope hizo.

Sasa matone. Ukiyatumia zaidi ya mara 4 kwa siku, chukua yasiyo na vihifadhi, kwa kuwa kihifadhi kama benzalkoniamu kloraidi chenyewe huudhi jicho. Yale ya kuondoa wekundu yaache. Yanabana mishipa tu, na wekundu hurudi. Usiku jeli inakaa kuliko matone, na marhamu inakaa kuliko jeli. Ukitumia zaidi ya aina moja, anza na nyepesi, subiri dakika 5 hadi 10, marhamu iwe ya mwisho. Weka mstari wa nusu sentimita hadi sentimita moja ndani ya kope ya chini, fumba, kisha futa vizuri iliyobaki kwenye ngozi kabla ya kuvaa barakoa. Mafuta yakibaki usoni, mto wa silikoni utateleza, na utakuwa umejitengenezea uvujaji mwingine. Macho yatakuwa na ukungu kwa muda, kwa hiyo maliza shughuli zako kwanza.

Kitambaa cha vuguvugu juu ya kope zilizofumbwa, dakika 10 kila jioni, ukikichovya tena kinapopoa, hulainisha mafuta kwenye tezi za kope. Mafuta hayo ndiyo yanayozuia machozi kukauka haraka.

Kuongeza unyevu wa mashine hakuponyi macho; upepo wenye unyevu bado ni upepo. Faida yake ni kwamba pua ikiwa haijaziba, mdomo haufunguki na taya haiiondoi barakoa mahali pake. Ongeza hatua moja moja, na matone ya maji yakianza kuonekana kwenye bomba, punguza.

Miwani ya usiku ya kuhifadhi unyevu inafanya kazi, lakini hakikisha fremu yake hainyanyui ukingo wa barakoa. Kifuniko cha macho cha kitambaa bapa kinachogusa kope sikipendi kwa mtu ambaye macho hayafumbi, kwa kuwa kinaweza kukwaruza konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho. Lenzi za macho zitoke kabla ya kulala.

Maumivu makali, kushindwa kuvumilia mwanga, uoni kupungua au usaha si mambo ya kujaribia matone. Nenda kwa daktari siku hiyohiyo. Kwa ziara ya kawaida, beba barakoa uivae mbele ya daktari, na mwambie macho yako ni mabaya zaidi asubuhi au jioni. Yakiwa mabaya asubuhi na kupata nafuu mchana, na madoa ya ukavu yakionekana sehemu ya chini ya konea, atajua atafute upepo au kope zisizofumba, hatakuongezea matone tu.