Tapi yako inaliwa na mchanga, si na miguu

Barua za mwezi huu zimetoka Goma, Bukavu na Lubumbashi, na karibu zote zinauliza kuhusu tapi za saloni, yaani mazulia ya sebuleni: ipi ya kununua, kwa nini inanuka, kwa nini inapata kipara. Tumezifupisha na kuzijibu hapa.

Saloni yangu ni mita 4 kwa 5, ina viti vikubwa pande tatu. Sokoni nimeonyeshwa tapi ya 160 kwa 230 na nyingine ya 200 kwa 290. Muuzaji anasema zote ni sufu. Nichukue ipi, na nitajuaje kama ni sufu kweli? (Mama wa Himbi, Goma)

Mama, tuanze na vipimo, kwa sababu tapi ndogo mno haina dawa. Kiti kikubwa cha saloni kina kina cha sentimita 90 hivi. Ukivuta viti viwili vinavyotazamana sentimita 20 kutoka ukutani, kati yake inabaki nafasi ya sentimita 180. Tapi yenye upana wa sentimita 200 itaingia sentimita 10 chini ya miguu ya mbele ya kila upande, na viti vyenyewe vitaishika isiteleze. Ile ya 160 itabaki peke yake katikati, haijagusa kiti chochote, na saloni itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Chukua ya 200 kwa 290, kisha isogeze iingie sentimita 10 chini ya kiti cha upande wa tatu. Kabla ya kulipa, nyosha kamba sakafuni kwa vipimo hivyo, weka jiwe kila pembe, uishi nayo siku moja. Fungua na mlango: kama pengo lililo chini yake ni milimita 10, tapi yenye manyoya ya milimita 30 itakwaruzwa kila siku.

Kuhusu sufu, omba uchomoe uzi mmoja ukingoni, uuchome nje juu ya sahani. Sufu inaungua polepole, inazimika yenyewe, inanuka nywele zilizoungua, na majivu yake yanasagika kati ya vidole. Pamba inawaka haraka na kunuka karatasi. Uzi wa plastiki unajikunja, unayeyuka, unaacha kishanga kigumu. Kwa tapi nyingi zilizomo masokoni mwetu utakiona hicho kishanga: ni polipropilini au poliesta.

Hiyo isikuvunje moyo. Kwa nyumba ya Goma, polipropilini iliyofumwa vizuri tunaipendelea kuliko sufu. Hainywi maji, hailiwi na nondo, inakauka haraka. Udhaifu wake ni mafuta, ambayo inayang'ang'ania, na moto, kwa kuwa inayeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi. Unachopaswa kuogopa ni tapi inayong'aa kama hariri huku uzi wake ukiungua kama karatasi. Hiyo ni viskozi. Ikimwagikiwa maji tu inageuka manjano na kukakamaa.

Sasa pima ubora. Ikunje manyoya yakitazama nje: ukiuona mgongo wake wazi kati ya mistari, nyuzi ni chache na zitalala ndani ya miezi michache. Bonyeza kwa kidole gumba uachie; manyoya yanapaswa kuinuka mara moja. Uzito nao unasema kitu. Tapi iliyofumwa imara ina kilo 2 au zaidi kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo hiyo ya 200 kwa 290 ifikie kilo 12 hivi.

Tapi yetu haijafikisha miaka miwili, na njia ya kutoka mlangoni hadi jikoni imeisha kabisa. Tunafagia kila asubuhi. Je, tunafagia kupita kiasi? (Baba wa Majengo, Goma)

Hapana, Baba. Kinachoila ni mchanga mweusi ambao ufagio haufikii. Mitaa yenu imekaa juu ya lava, na lava iliyosagwa na magurudumu na viatu inatoa chembe zenye kingo kali kama kioo. Chembe hizo ni nzito, zinazama hadi kwenye shina la manyoya. Kila hatua inazisukuma, nazo zinakata uzi pale pale chini, kama msumeno mdogo. Juu tapi inaonekana safi, lakini chini inakatwa. Ndiyo maana kipara kinafuata njia ya miguu.

Dawa yake ni kuipindua. Mara moja kwa juma igeuze manyoya yatazame chini, juu ya sakafu iliyofagiliwa. Piga mgongo kwa kiganja au kwa fimbo pana, ukianza katikati ukielekea kingoni. Inyanyue, fagia mchanga ulioanguka, uilaze tena, upige tena. Mara ya kwanza mtashangaa wingi wake. Rudieni hadi kianguke kidogo tu. Kisha igeuzeni na kuipiga burashi kufuata mlalo wa manyoya. Msitumie ufagio uliolowa, maana unageuza vumbi kuwa tope. Mwenye mashine ya kufyonza vumbi aitumie umeme ukiwepo, ila burashi inayozunguka aizime kama manyoya ni marefu.

Mlangoni wekeni vizuizi viwili: nje kitu kikavu chenye miiba ya kukwangua viatu, ndani kitambaa kizito cha kunywa unyevu. Viatu vibaki hapo. Kila miezi mitatu igeuzeni tapi, upande wa mlango uende ndani. Kipara kilichokwisha kutokea hakirudi. Kinaweza kusogezwa chini ya kiti.

Na siku Nyiragongo inapoangusha majivu, msimwage maji juu ya tapi hata tone. Majivu yaliyolowa yanashika kama simenti. Fungeni pua na mdomo, ikunjeni taratibu manyoya yakiwa ndani, mkaipige nje.

Nilifua tapi kwa maji ya ziwa na sabuni ya kipande, nikaianika juu ya mawe ya uwanjani. Imekakamaa, inanuka, na mgongo umechanika. Nilikosea wapi? (Dada wa Kyeshero, Goma)

Dada, pole. Makosa ni matatu, na yote yanafanywa na watu wengi.

La kwanza ni sabuni. Maji ya Kivu yana magnesiamu na chumvi nyingine nyingi. Sabuni ya kipande ikikutana nayo inatengeneza utando mweupe usioyeyuka, unaokaa ndani ya manyoya. Ndio unaoikakamaza tapi na kushika uchafu mpya. Kwa maji hayo tumia sabuni ya unga, tena kidogo: vijiko 4 vya chakula katika bidoni ya lita 20. Anayeongeza sabuni anaongeza kazi ya kusuuza.

La pili ni mawe. Lava inakwaruza mgongo, na tapi iliyolowa ni nzito, kwa hiyo ukiivuta mara moja tu juu yake inachanika. Tandika turubai kwanza, mahali penye mteremko.

La tatu ni kukausha. Harufu inatoka mgongoni, ambako maji yalibaki baada ya manyoya kukauka.

Hiyo uliyo nayo inaweza kupona. Ipige kwanza ikiwa kavu hadi mchanga uishe. Subiri siku isiyo na dalili ya mvua, hasa Juni hadi Agosti, uanze saa mbili asubuhi. Kwa tapi ya 160 kwa 230 weka tayari bidoni 8. Moja ya kulowesha. Moja ya sabuni, ukisugua kwa burashi laini kufuata manyoya, bila kuzungusha. Kisha sukuma maji kwa rakleti (mpira wa kusukumia maji sakafuni) kuelekea kwenye mteremko: hiyo ndiyo hatua ambayo wengi wanairuka, na bila yake utasuuza mpaka jioni. Bidoni 5 ni za kusuuza, na baada ya kila moja piga rakleti. Ya nane, ya mwisho, itie kikombe kimoja cha siki nyeupe, inayoondoa mabaki ya utando. Ukiwa na maji ya mvua safi, yatunzie hatua hiyo.

Iviringishe, ikanyage ili maji yatoke, kisha ianike juu ya miti miwili mirefu iliyotengana kidogo, au juu ya ukuta laini. Waya mmoja mwembamba unavunja mgongo. Jioni weka kiganja katikati ya mgongo: ukihisi ubaridi, bado haijakauka. Ikipita siku mbili ikiwa na maji, ukungu unaanza.

Sufu haifuliwi hivi. Maji baridi, sabuni ya nywele kidogo, kivuli, na kamwe isiguswe na javeli (dawa ya kung'arisha nguo nyeupe), kwa sababu javeli inayeyusha sufu.

Nyumba yetu iko kwenye mteremko, sakafu ni simenti. Chini ya tapi pana madoa meusi na harufu ya ukungu, hata tukianika. Tutandike nailoni chini yake? (Mama wa Kadutu, Bukavu)

Mama, nailoni itayaficha maji tu, nayo yatatokea kingoni. Itumie kwa kupima badala yake. Kata kipande cha sentimita 50 kwa 50, kibandike kwenye simenti kavu kwa utepe pande zote nne, uache siku mbili. Ukikuta matone upande wa chini, au simenti imekuwa nyeusi, unyevu unatoka ardhini. Matone yakiwa juu, ni hewa ya chumba: fungueni madirisha, na msianike nguo ndani.

Kama unatoka ardhini, kazi iko nje. Chimbeni mtaro upande wa juu wa nyumba upokee maji ya kilima na kuyazungusha, na maji ya paa yaelekezwe mbali na ukuta. Wakati sakafu inakauka, tandikeni mkeka, au tapi nyembamba iliyofumwa bila mpira mgongoni, mnayoweza kuinyanyua kila asubuhi. Mgongo wa mpira juu ya simenti yenye maji hauna maisha: unaoza, unageuka unga.

Ukungu wenyewe upigwe burashi nje, pua ikiwa imefungwa, unyunyiziwe siki nyeupe, ukae saa moja, ndipo tapi ifuliwe na kuanikwa juani. Kama umeshaingia ndani ya mpira na nyumbani kuna mtoto mwenye pumu, tunakusihi uitupe.

Madoa: mawese, mshumaa, mkojo wa mtoto. Nianze na nini? (Dada wa Katindo, Goma)

Kwa yote matatu: kandamiza kwa kitambaa cheupe kutoka ukingoni kwenda katikati, usisugue.

Mawese hayataki maji mwanzoni. Yachote kwa kijiko, funika doa kwa unga wa mahindi, uache saa kadhaa unywe mafuta, ufagie. Kisha kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya vyombo katika vikombe viwili vya maji ya vuguvugu. Rangi ya njano ikibaki, ianike alasiri mbili tatu. Rangi ya mawese inapauka kwa mwanga.

Mshumaa uuache ugande, uuvunje, uukwangue. Pasi usiiguse kama tapi ni ya plastiki. Tandika karatasi ya chooni juu ya mabaki, weka juu yake kikombe cha chuma chenye maji yaliyochemka. Hapa Goma, kwa mwinuko wetu wa mita 1,500 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi joto 95 tu: yanatosha kuyeyusha nta, hayatoshi kuyeyusha polipropilini. Badilisha karatasi mpaka isinywe tena.

Mkojo: maji baridi kwanza, kisha siki sehemu 1 kwa maji sehemu 3, kausha, nyunyiza bikaboneti, uifagie kesho yake. Maji ya moto yanakaza harufu.

Kaa la moto limetoboa tapi karibu na dirisha. Inazibika? (Kaka wa Ndosho, Goma)

Kama ni ncha tu zilizoyeyuka, zikate kwa mkasi mdogo. Kama ni tundu, kata manyoya machache kutoka sehemu iliyo chini ya kiti, paka gundi ya viatu kidogo kwenye tundu, yasimamishe kwa kibano, weka kitabu kizito siku nzima, kisha sawazisha kwa mkasi. Na babula, jiko la makaa, itoke ndani, Kaka. Hewa ya makaa haionekani wala hainuki, na inaua watu wakiwa usingizini.

Viti vyangu ni vya rangi ya maziwa. Tapi nyeupe ingependeza, lakini vumbi la huku ni jekundu. Je, nyeusi? (Mama wa Lubumbashi)

Nyeusi isiyo na michoro inaonyesha vumbi kuliko nyeupe, Mama, hasa kuanzia Mei hadi Septemba. Tafuta yenye michoro ambayo ndani yake imo rangi ya vumbi lenyewe: tofali, kutu, kahawia, pamoja na uzi wa rangi ya maziwa wa kuishika na viti. Beba mto mmoja wa kiti sokoni, utazame tapi nje kwenye mwanga wa mchana, maana balbu ya duka inadanganya. Izunguke: upande mmoja rangi yake itaonekana nyepesi, upande mwingine nzito, kwa sababu ya mlalo wa manyoya. Nyumbani itandike ili anayeingia mlangoni auone ule upande mwepesi.