Uliza Fundi: Baridi inayopanda kutoka uvunguni

SWALI: Shikamoo Fundi. Mwaka jana tulinunua nyumba ya mbao hapa Louisville, Kentucky, iliyojengwa 1926. Haina besimenti. Chini ya sakafu kuna uvungu wa udongo mtupu, na upande wa jikoni hata sentimita 45 haufiki. Msimu wa baridi watoto wanakula wamepandisha miguu kitini. Kampuni moja imetuandikia dola 13,800 kuufunga uvungu wote. Mume wangu anasema tununue faibaglasi, ile sufi ya nyuzi za kioo ya kuzuia baridi, tupachike wenyewe. Jirani naye anasema matundu ya hewa tuyafungue kiangazi na kuyaziba baridi ikiingia, basi. Tumsikilize nani? – Mama Riziki

JIBU: Marahaba, Mama Riziki. Kwetu Tanga uvungu ni wa kitanda, mahali pa sanduku la bibi na kuku anayeatamia. Huku nimeingia uvungu wa kila aina, kwa kifua na kwa mgongo, na nakuambia hao watatu wote wameanzia katikati. Adui wa kwanza wa sakafu yako ni maji. Baridi inafuata nyuma yake.

Nilijifunza kwa nyumba yangu mwenyewe. Oktoba moja niliingia na marobota ya faibaglasi nikayapachika kati ya boriti, chini udongo uko wazi. Tena ile karatasi ya kahawia iliyogandishwa upande mmoja wa faibaglasi niliielekeza chini kwa sababu ilinipa pa kupigia pini, ilhali hutakiwa iguse sakafu, upande wa joto. Krismasi tulikaa raha mustarehe. Agosti nyumba ikaanza kunuka kama gunia la mkaa lililonyeshewa. Nikaingia na tochi: nusu ya faibaglasi iko chini, nusu inaning'inia kama ulimi wa mbwa. Nilikamua kipande kimoja, maji yakanichuruzika hadi kiwiko. Panya walikuwa wamekwisha kuhamia, baba, mama na wajukuu.

Maji yale yalitoka pawili. Udongo hupumua unyevu usiku na mchana, hata ule unaoonekana mkavu. Halafu kuna hewa ya Julai ya bonde la Ohio, unayoijua: ukitoka nje miwani inaingia ukungu. Hewa hiyo ikipenya kwenye matundu na kukuta mabomba ya bati ya kiyoyozi, inatoa jasho kama bilauri ya maji ya barafu barazani. Kwa hiyo ushauri wa jirani wa kufungua kiangazi ndio hasa unaoleta maji ndani. Simlaumu, kanuni za ujenzi zilihimiza matundu hayo kwa miaka mingi. Lakini huko Princeville, North Carolina, watafiti walilinganisha nyumba 12, na zile zilizozibwa uvungu zilikuwa kavu zaidi chini na zilitumia nishati pungufu kwa asilimia 15 au zaidi kwa joto na ubaridi.

Basi anzia nje, mvua ikinyesha. Vaa koti uzunguke nyumba utazame maji ya paa yanamwagikia wapi. Ardhi inatakiwa ishuke sentimita 15 katika mita 3 za kwanza kutoka ukutani. Mfereji wa paa unaomwaga kwenye msingi utakushinda hata ukinunua plastiki ya dhahabu.

Udongo ukitulia, funika. Plastiki ya mili 6 (mili si milimita, ni sehemu ya elfu ya inchi) ndiyo ya chini kabisa inayokubalika, ila mimi natumia ya mili 10 au zaidi kwa sababu magoti ya fundi wa bomba hayana huruma. Vipande vipandane sentimita 15, vibandikwe utepe, kisha ukingo upande ukutani na kubanwa. Kazi hii mume wako anaiweza kwa Jumamosi mbili. Avae barakoa ya N95, na wewe au mtu mwingine akae mlangoni akimsemesha. Niliwahi kunasa chini ya boriti dakika kama ishirini huku mke wangu yuko sokoni, sirudii.

Akiwa humo, achomeke bisibisi kwenye boriti za upande wa jikoni. Mbao isiyotiwa dawa haitakiwi kukaa chini ya sentimita 45 kutoka ardhini, na za 1926 hazina dawa. Bisibisi ikizama kama kwenye boflo, simamisha kila kitu umwite mtu wa mchwa na seremala kwanza. Pia atafute matobo. Chini ya beseni la kuogea katika nyumba za umri huo huwa kuna tundu ambalo paka anapita bila kuinama. Hewa ya joto hupanda na kutokea darini, na kila inayotoka huvuta nyingine kutoka chini, kwa hiyo baridi ya miguuni mwa watoto ni upepo hasa. Ziba matobo hayo kwa povu la kopo, pamoja na mbao ya ukingo inayozunguka juu ya msingi. Makopo machache hapo utayasikia kwenye nyayo wiki hiyohiyo.

Sasa ndiyo tuje kwenye kuhami kwenyewe, yaani kuzuia joto lisitoroke. Kwa uvungu wenu faibaglasi ya sakafuni siitaki. Mtu aliyelala chali kwenye nafasi ya sentimita 40 hawezi kuisukuma ikagusa mbao barabara, na ikiachia upenyo wa vidole viwili imekuwa pambo. Tena inayaacha mabomba ya maji upande wa baridi, na Louisville usiku wa nyuzi 7 chini ya sifuri si hadithi. Hami kuta: bodi ngumu za povu zenye kiwango cha R-10 (R ni kipimo cha kuzuia joto lisipenye), zigande kwenye ukuta wa msingi kwa ndani, matundu yazibwe. Acha sentimita 7 au 8 wazi juu ili mkaguzi aone njia za mchwa. Dukani uliza zilizoruhusiwa kuachwa bila kufunikwa, maana povu la kawaida likishika moto moshi wake ni sumu.

Uvungu uliozibwa lazima upewe hewa kavu, ama kidogo kutoka kwenye mfumo wa kiyoyozi wa nyumba, ama mashine ya kukausha hewa. Kama humo chini kuna tanuri la gesi la kupashia nyumba joto linalovuta hewa ya uvunguni, usizibe chochote mpaka fundi wa gesi aseme. Pima pia radoni, gesi isiyo na harufu inayotoka ardhini. Ikifika pikokiri 4 kwa lita ya hewa, bomba la kuitoa liwekwe kazi ikiwa bado wazi.

Zile dola 13,800 si lazima ziwe wizi, ila nisingetia saini karatasi yenye mstari mmoja. Waambie watenganishe: plastiki kiasi gani, kuta kiasi gani, mashine kiasi gani. Na kama kipato chenu si kikubwa, nendeni kwanza kwenye ofisi ya misaada ya jamii ya kaunti mkaulizie Weatherization Assistance Program, mpango wa serikali ulioanza 1976. Hufanya kazi za namna hii bila malipo kwa wanaostahili. Nimewakuta Wakongomani wengi mjini kwenu waliolipia kitu walichokuwa na haki nacho.

Kabla ya yote hayo, mume wako apige picha mbili. Moja ya nyaya: akiona zinapita kwenye vishikizo vyeupe vya kaure, kimoja huku kimoja kule, huo ni umeme wa zama zile na hauruhusiwi kufunikwa kwa kihami. Ya pili ni ya mabomba ya zamani. Yakiwa yamevikwa kitu cheupe kama kadibodi, asiguse wala asikwangue, huenda ni asbesto, madini ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Nitumie hizo picha, nitajibu kabla hajanunua plastiki.