Mashirika matatu, mgonjwa mmoja: jibu kwa dada wa Uyole

Dada, umesema mko vikundi vitatu vidogo, kimoja cha vijana, kimoja cha wamama wa vikoba, na nyie mnaotembelea familia zenye mgonjwa wa akili, na mfadhili kawaambia muungane kwanza ndo muombe hela, sasa unauliza kwenye makubaliano muandike nini. Naomba msianze kuandika. Sisi huku Mufindi tuliandika kwanza na ikatugharimu karibu miaka miwili.

Nilianza kama mtu wa kujitolea, baadaye wakanipa uratibu kwenye kashirika ka hapa Mafinga. Tuliungana wanne: sisi, kikundi cha kanisa, shirika la watu wanaoishi na VVU na lingine la watoto. Tukasaini, tukapiga picha na mtendaji wa kata, bango likawa na nembo nne na hizo nembo zilibishaniwa wiki nzima ipi ikae juu. Miezi mitatu baadaye nikaenda kijiji kimoja upande wa Sao Hill kwa kijana mwenye kifafa ambaye pia kuna vipindi anasikia sauti. Mama yake kanipokea vizuri, kamwene, kamwene, nikakaa, nikatoa fomu nikauliza mama tatizo lilianza lini. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe ni wa tatu mwezi huu kuniuliza lilianza lini. Hakuna aliyeniuliza dawa imeisha lini."

Dawa ilikuwa imeisha siku kumi na moja. Kijana alikuwa ameangukia moto jikoni, mkono umeungua mpaka kwenye kiwiko. Fenobabitali, hiyo dawa yake ya kifafa, haikatishwi ghafla, ukikatisha kifafa kinarudi kwa nguvu kuliko mwanzo na mtu anaweza akaanguka mfululizo bila kuzinduka, hilo tulifundishwa wote kwenye semina moja tukiwa tumekaa meza moja. Na mashirika matatu kati yetu wanne tulikuwa tumemuandika kwenye ripoti ya mwezi kwamba amehudumiwa. Mpaka leo nikikumbuka ule mkono nasikia uchungu.

Baada ya pale tukakutana bila bango, tukakubaliana jambo moja tu: kila mgonjwa ana mtu mmoja wa kumfuatilia, yaani mtu mwenye jina na simu ambaye familia inamjua, awe wa shirika lolote. Kama familia imemzoea mama wa kanisani basi ni yule mama wa kanisani, sisi wengine hatuendi mpaka atuite. Yeye ndo anajua tarehe ya kliniki, anajua sindano ya mwezi ya dawa ya akili ni lini, anapiga simu siku mbili kabla. Daftari likawa moja, likakaa kwa nesi wa kliniki ya afya ya akili, na sisi tunatumia namba tu, siyo jina wala ugonjwa, na familia inaombwa ruhusa kwanza. Msilichukulie poa hili la ruhusa, kijijini neno likishatoka kwamba fulani ni chizi halirudi, binti haolewi, kijana hapewi kibarua shambani.

La pili ni nauli. Unaweza ukawa na wataalamu wote lakini kama mtu anatoka mbali na bodaboda wakati wa mvua ni hela ya siku tatu za kibarua, dawa atakosa. Kila shirika likawa linatoa elfu ishirini kwa mwezi kwenye mfuko mmoja wa nauli na huo mfuko umefanya kazi kubwa kuliko semina zote tulizowahi kufanya, nasema hivyo kwa moyo wote.

Hela ya mfadhili ndo ilitaka kutuvunja. Shirika lenye akaunti kubwa ndo lilipokea, na wale wanaotembea kwa miguu wakawa wanasikia tu posho zimelipwa. Tulitulia pale bajeti ilipoanza kusomwa mbele ya wote, mstari kwa mstari. Halafu tukakubaliana kwenye ripoti mgonjwa mmoja ahesabiwe mara moja, siyo na kila shirika, idadi yetu ikashuka karibu nusu, mfadhili akauliza, tukamueleza ukweli akaelewa.

Angalieni pia nani hayupo mezani. Sisi tulichelewa sana kumuita afisa mifugo. Nyanda za juu kusini tunafuga nguruwe wengi, wengine wanazurura, vyoo havitoshi, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kwenye maeneo yenye tegu wa nguruwe, ule mnyoo, kama asilimia 30 ya kifafa inahusiana na huyo mdudu. Watu wanadhani ni kula kitimoto tu. Nyama isiyoiva inakupa tegu wa tumboni, ila kinachopeleka mdudu kwenye ubongo ni mayai yanayotoka na kinyesi cha mtu mwenye tegu, yanaingia kwenye maji, mboga, mikono, kwa hiyo hata asiyegusa nguruwe anaweza kupata. Familia zikielewa hivyo maneno ya kurogwa yanapungua. Waganga wa jadi na wachungaji nao waiteni, maana wagonjwa wengi wanapitia huko kwanza, msiwagombeze, waombeni tu mtu akishaanguka mara mbili wamlete na dawa ya hospitali isisimamishwe wakati wa maombi.

Na msaidizi wa kisheria mwiteni pia. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 217 inafanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kwa hiyo familia zinaficha, zinasema kanywa sumu kwa bahati mbaya, na mtu anarudishwa nyumbani bila yeyote kuongea naye.

Nyie mna bahati, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya haiko mbali na ina kitengo cha magonjwa ya akili. Nendeni wote watatu siku moja mkaongee na manesi wa kliniki, waulizeni nani hajaonekana mwezi huu, chukueni hao hao mgawane nani anamfuata nani. Mkishafanya hivyo miezi mitatu makubaliano yatakuwa rahisi kuandika. Fomu yetu ni ukurasa mmoja, swali la kwanza ni dawa imebaki ya siku ngapi, ukiitaka nicheki PM nikutumie picha.