Jibu: Riwaya kwenye simu hainiingii, tatizo ni mimi?

Ndugu, umeuliza kama umepoteza hamu ya kusoma kwa sababu riwaya za PDF zinakushinda kwenye matatu ya Rongai. Kabla ya kujilaumu, kagua faili. Ukurasa wa PDF umefungwa kwa vipimo vya karatasi. Kwenye skrini ya inchi 6 herufi zinakuwa punje, na ukizikuza unalazimika kuusukuma kila mstari kushoto na kulia. Utamu unavuja hapo hapo. Tafuta nakala ya EPUB, aina ya faili ya kitabu ambayo maneno yake hujipanga upya kufuata skrini. Kuza herufi hadi mstari ubebe maneno 6 hadi 8, kisha zima arifa. PDF iliyopigwa skani ni picha tu. Ukiigeuza kuwa EPUB, herufi huweza kuvurugika.

Gari likitikisika, sikiliza kitabu cha sauti. Anza kwa kasi ya kawaida, 1.0, maana hadithi yenye wahusika wengi hupotea ikikimbizwa. Mashairi yataka karatasi, mikato ya mistari ionekane. Kwa vitabu vya karatasi, maktaba za Kaloleni na Makadara jijini Nairobi zipo.

Kitabu kikikuchosha hata baada ya kurasa 50 za karatasi, hapo ni ladha yako tu. Kiache, chukua kingine.